Kipaza Sauti cha Mama Shamsa na Mahesabu ya Kodi

Leo nimejivua nguo mwenyewe, mchana kweupe, katikati ya Tunduma. (Nguo za mwilini ninazo. Tulieni.)

Ninaandika haya nikiwa nimejibanza nyuma ya marobota ya blanketi, kwa sababu mbele ya duka siwezi kwenda. Kila anayepita ananitazama kwa huruma. Na huruma ya Tunduma si kitu cha kawaida. Hapa watu huhurumia lori lililokwama, si binadamu. Ninaandika kwa haraka, kwa hiyo mkiona herufi zimekosewa mnivumilie.

Mnaonijua mnajua kwamba mimi si mtu wa kukaa mahali. Nilitoka kwetu Isongole nilipomaliza kidato cha nne. Nikapita Saza kwenye dhahabu, nikahamia Mpanda kwenye maghala ya mahindi, nikafika mpaka Mtwara. Kila nilipozoea, moyo ulianza kudai nilikotoka. Nikiwa Saza nilikumbuka ndizi za kwetu Ileje. Nikiwa Mtwara nilikumbuka vumbi la Saza, vumbi lile lile nililolikimbia. (Ndiyo, nina matatizo.) Lakini hapa kwa Mama Shamsa nimetaka kukaa. Nimefika umri ambao kufunga begi kunauma mgongo.

Mama Shamsa ni mwenyeji wa Kondoa, ana duka la vyombo na blanketi hapa karibu na barabara ya mpakani. Mimi ni karani wake. Pia ndiye ninayetangaza bidhaa. Tuna spika kubwa juu ya mlango, inatazama barabarani, na kipaza sauti kisicho na waya. Kila asubuhi nakishika na kuwaambia wapita njia kwamba baridi ya Mbozi haina huruma na dawa yake iko hapa ndani. Sauti yangu inajulikana mpaka kwenye foleni ya malori. Kwa majirani nimejitambulisha kama meneja. (Hakuna aliyeniuliza. Nilijitolea tu.)

Sasa, leo ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka ritani, yaani hesabu za mwaka kwa watu wa kodi. Mhasibu wetu, Bwana Kibona, anahudumia maduka mengi, na alisema atapita alasiri. Akifika akute kila kitu kimeingizwa kwenye ile programu ya mahesabu iliyomo kwenye kompyuta. Akikuta bado, anaondoka, na faini inakuja.

Programu ni nzuri. Tatizo ni vidole vyangu. Vimeshika sululu miaka mingi, na sululu haina herufi ndogo ndogo. Tangu mwezi uliopita nilikuwa naingiza risiti za manunuzi, za mauzo na za matumizi, na bunda lilikuwa halipungui. Asubuhi Mama Shamsa alikuja akalitazama lile bunda, akanitazama mimi.

"Kayuni mdogo wangu, hiyo kazi leo inaisha?"

"Inaisha, Mama."

"Kwa vidole hivyo?"

"Kwa akili, Mama."

Akavuta pumzi. Mama Shamsa akivuta pumzi namna ile ujue hatanii. "Sikia. Nimekustahi kwa mengi. Faini ikija, mimi na wewe tunaagana kwa amani. Nauli ya kwenda kwenu Isongole nitakupa."

Niliposikia nauli nikashtuka. Mimi nimeacha kazi nyingi maishani, ila kuachishwa ni kitu kingine. Nikaenda stoo na kompyuta yangu, nikafunga mlango, nikaanza kufikiri.

Ndipo nikamkumbuka marehemu Mzee Kabwe wa Mpanda. Kule ghalani hakuna aliyeandika huku anasoma. Tulikuwa tunasomeana. Mmoja anasimama kwenye magunia anasoma, mwingine anaandika, na kazi inakwenda kama maji ya mtoni. Mzee Kabwe alikuwa akisema mdomo hauchoki, kinachochoka ni mkono. Enzi zile zilikuwa tamu jamani. Chai ya rangi, mahindi mapya ya kuchoma, redio ya mkulima. Nikakaa kidogo nikaikumbuka Mpanda. (Bunda la risiti likanisubiri.)

Kumbukumbu hiyo ikanipa wazo. Programu yetu ina sehemu ya kusikiliza. Unabonyeza alama ya kipaza sauti, unasema, yenyewe inaandika. Ukisema "inayofuata" inaruka kwenye chumba kinachofuata cha jedwali. Ukisema "futa" inafuta. Na ukivaa vile visikilizio vya masikioni, inakurudia ulichosema ili uhakikishe. Yaani ni Mpanda ile ile, ila mwandishi ni kompyuta na haombi ugoro.

Nikajaribu. Haikuandika kitu. Kipaza sauti cha ndani ya kompyuta kilikufa siku nilipoimwagia chai. (Hilo Mama Shamsa halijui. Sasa analijua.) Nikasimama, nikatafakari, halafu macho yakaangukia kipaza sauti chetu cha dukani, kimelala kwenye rafu humo humo stoo.

Kile kipaza sauti kina kisanduku chake kidogo cha kupokelea sauti. Kisanduku kina matundu mawili ya kutolea. Tundu moja lina waya unaokwenda kwenye spika ya mlangoni. La pili lilikuwa tupu. Nikachukua waya, nikachomeka kwenye lile tupu, upande wa pili nikachomeka kwenye kompyuta. Nikasema, "Moja, mbili." Kompyuta ikaandika moja, mbili. Nilitaka kulia.

Mtaniuliza, na ule waya wa spika? Swali zuri. Niliuona. Niliushika kabisa kwa mkono wangu huu. Lakini umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na spika bila umeme ni kabati. Kisanduku kina betri yake, kompyuta ina chaji yake, spika haina chochote. Nikasema nikiuchomoa nitausahau, kesho nitatangaza blanketi kwa ukuta. Nikauacha.

Nikavaa visikilizio, vile vikubwa vinavyofunika sikio lote, maana malori ya hapa yakianza honi huwezi hata kusikia njaa yako. Stoo ilikuwa na giza kidogo, balbu yake iliungua zamani, lakini dirisha dogo lilinitosha. Nikakohoa kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Nikaanza.

"Blanketi kilo sita. Inayofuata. Kununua, elfu ishirini na nane. Inayofuata. Kuuza, elfu arobaini na tano. Inayofuata."

Sauti ya kompyuta ikanirudia masikioni, haina kosa. Risiti ya kwanza ikalala chini. Ya pili. Ya tatu. Bunda likaanza kupungua kwa macho. Kazi niliyokuwa naifanya kwa siku nzima niliifanya kabla sijamaliza kikombe cha chai.

"Seti ya sufuria, zile nzito. Inayofuata. Kununua, elfu thelathini na nane. Inayofuata. Kuuza, elfu sitini na tano. Inayofuata." Hapo nikatabasamu mwenyewe nikaongeza, "Hapa tumekula vizuri." Kompyuta nayo ikaandika hapa tumekula vizuri. Nikaiambia, "Futa. Futa hiyo."

Mahali fulani kwenye zile blanketi za mwanzo, kabla ya sufuria, umeme ulirudi.

Mimi sikujua. Stoo haina balbu. Kompyuta sikuwa nimeichomeka ukutani. Masikio yalikuwa yamefunikwa. Ninachokumbuka ni kwamba sakafu ilikuwa inatetemeka kidogo kila nikisema jambo, na nikadhani ni malori.

Nikaendelea, tena kwa mbwembwe. Mtu akiwa anafanya kazi vizuri peke yake anajiona anastahili watazamaji. "Chupa ya chai ya maua. Kununua, elfu tisa. Kuuza, elfu kumi na nane. Inayofuata. Hii chupa ndiyo mgongo wa biashara. Futa."

Kwa mbali nikahisi kelele, kama watu wanacheka wengi kwa pamoja. Nikasema makuli wamepata mzigo.

Simu ikaanza kutikisika mezani. Mama Shamsa. Nikaitazama. Nikajua anataka kuniuliza nimefika wapi, na mimi nilikuwa nimefika mbali kuliko anavyodhani, kwa hiyo nikaamua nimshangaze kwa kazi iliyokamilika. Tena nikasema kwa sauti, kwa kujifurahisha, "Mama Shamsa anapiga. Asubiri kidogo. Mkubwa yuko kazini."

Simu ikakatika. Ikapiga tena. Nikaigeuza kifudifudi.

"Ndoo za plastiki, kubwa. Kununua, elfu tatu na mia tano. Inayofuata..."

Mlango ukafunguka kwa nguvu iliyonipeperushia risiti. Mama Shamsa alikuwa amesimama pale na mtandio umemshuka mabegani. Midomo inacheza, mimi sisikii kitu. Nikavua visikilizio.

"Mama, karibu, nimekwisha..."

Na hapo nikaisikia sauti yangu. Ilitoka barabarani. Kubwa, nene, yenye mwangwi, kama ya mtu anayeongoza mazishi ya kiongozi. *Mama, karibu, nimekwisha.*

Nikakitazama kipaza sauti mkononi. Nikamtazama Mama Shamsa. 

"Zima," akasema taratibu.

*Zima*, spika ikasema kule nje.

Watu wakacheka tena. Sasa nikawasikia vizuri.

Nilibonyeza kitufe cha kisanduku, nikakizima. Nadhani nilikizima. Nilimfuata mbele ya duka kama ng'ombe anayejua anakopelekwa, kipaza sauti bado nimekikumbatia, maana akili haikuniambia nikiache.

Ndugu zangu, sijawahi kuona watu vile dukani kwetu, hata siku za sikukuu. Wamekalia magunia, wamekalia ngazi, wengine wamesimama mpaka barabarani. Vijana wa bodaboda wameegesha pikipiki wakazima injini kabisa, jambo ambalo hawafanyi hata wakikutana na msiba. Kuna mama mmoja wa kutoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde ya Zambia, alikuwa na simu mkononi, sehemu ya kikokotoo, anapiga hesabu. Mwenye duka la jirani, ambaye naye anauza blanketi, alikuwa na kalamu nyuma ya sikio na kiganja kizima kimejaa maandishi.

Sichone, dereva wa bodaboda anayeegesha mbele yetu, ndiye aliyeanza. "Meneja, hukumalizia ndoo. Kununua elfu tatu na mia tano, tumeshika. Kuuza?"

"Kaka, mwache apumue," mwingine akasema. "Toka kwenye sufuria hajanywa hata maji."

Yule mama wa Nakonde akaniita baba na bwana kwa adabu ya kwao. "Batata, ile blanketi kilo sita, ni ishirini na nane kweli, mukwai?"

Nikajikinga uso kwa kipaza sauti. 

Lakini hao wote walikuwa si kitu. Balaa lilikuwa limekaa kwenye kiti cha plastiki, chini kabisa ya spika, limeshika mkoba kwa mikono miwili. Anaitwa Mama Nzowa, mkulima wa kahawa wa Igamba, kiongozi wa kikundi cha akina mama wa kanisani kwao. Alikuja asubuhi kununua seti za sufuria na blanketi za wanakikundi wote. Mzigo huo ndio Mama Shamsa aliuombea dua wiki nzima. Nilipokuwa naingia stoo niliwaacha wanapatana. Mama Nzowa anasema seti iwe elfu hamsini. Mama Shamsa amesimama kwenye elfu sitini na tano, na nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia, "Dada yangu, hapo mimi sipati hata ya chai. Nakupa kwa sababu ya undugu."

Sasa hebu fikirini. Mtu amekuambia hapati hata ya chai. Unamwonea huruma. Unafungua mkoba. Na hapo hapo, juu ya kichwa chako, mbingu inafunguka na kusema *kununua, elfu thelathini na nane. Hapa tumekula vizuri. Futa. Futa hiyo.*

Mama Nzowa hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali. Alikuwa mtulivu kama mtu aliyepata ushahidi.

"Mama Shamsa," akasema, "undugu wetu ni wa elfu ishirini na saba?"

Watu wakaguna. Mama Shamsa akavua mtandio, akaujitanda upya. Mimi nimemfahamu muda mrefu na sikuwahi kumwona akishindwa mapatano. Mwanamke huyo amebishana na makuli, na madereva, na hata mawakala wa mpakani, akawashinda wote kabla ya adhuhuri.

"Basi elfu thelathini na tisa," akaendelea Mama Nzowa. "Nimekuongezea moja. Hiyo ndiyo ya chai."

"Na mimi blanketi kwa bei hiyo hiyo ya redioni," akasema mtu wa nyuma.

"Muongo huyu mama," akadakia mwingine. "Juzi aliniambia ananiuzia kwa hasara, nikamwombea mpaka usiku."

Nikaona kazi yangu inaondoka, inapanda basi, inakaa dirishani. Faini tusingekuwa na haja nayo tena. Akiuza mzigo ule kwa elfu thelathini na tisa, na mtaa mzima ukadai hiyo hiyo, duka lingefungwa kabla ya mwezi kuandama. Nikawa nasubiri tu aniambie nikachukue begi.

Mama Shamsa akageuka. Akanitazama kwa muda ambao niliuona kama kiangazi kizima. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Kayuni. Umefika wapi?"

"Ndoo, Mama."

"Yamebaki nini?"

"Ndoo, na... matumizi."

"Leta bunda la matumizi. Washa hicho kipaza sauti. Soma."

"Mama..."

"Umewasomea ninachoingiza. Wasomee na kinachotoka. Au hesabu ya kodi siku hizi ina upande mmoja?"

Watu wakashangilia kama wameahidiwa pilau. Nikaleta bunda, na kule stoo nikabonyeza tena kitufe kile kile.  Nikasimama mlangoni, chini ya spika yangu mwenyewe, nikasoma.

"Kodi ya pango la duka, mwezi mmoja. Laki tano. Inayofuata."

"Laki tano?" Mama Nzowa akauliza. "Hapa hapa?"

"Hapa hapa," akajibu Mama Shamsa amekunja mikono.

"Lori la mzigo kutoka Dar, safari moja. Laki nane. Inayofuata. Makuli wa kushusha. Elfu sitini. Inayofuata. Ushuru wa halmashauri..." Nikawa nasoma, na kila niliposoma kundi likawa linapungukiwa na kicheko. Mlinzi. Umeme. Maboksi ya chupa zilizovunjika njiani. Yule mama wa Nakonde aliacha kubonyeza kikokotoo. Mwenye duka la jirani alikuwa anatikisa kichwa kwa uchungu, maana hayo ya kwetu ndiyo ya kwake.

Nikaona mambo yanakwenda vizuri. Nikaanza hata kupata ile sauti yangu ya asubuhi. Nikachukua karatasi iliyofuata nikaisoma kwa mbwembwe kabla macho hayajaniambia ni nini.

"Mshahara wa karani, mwezi mmoja. Laki moja na elfu sitini. Inayofu..."

Spika ikarudisha mwangwi mpaka ukutani kwa watu wa ng'ambo ya barabara. *Elfu sitini. Elfu sitini.*

Nikaiangalia karatasi vizuri, nikaona ni yangu.

  Vijana wa bodaboda walikuwa wananitazama mimi sasa, wote. Wale niliowaambia mimi ni meneja. Wale niliowaambia mwezi huu nafikiria kununua gari dogo la kutembelea tu mjini. (Ilikuwa maongezi. Mtu akiongea hamumlipishi.)

Sichone akavua kofia. "Meneja," akasema kwa upole kabisa. "Kumbe mimi nakuzidi."

"Na pikipiki si yake," akaongeza mwenzake.

Ningeweza kuacha hapo. Ningeweza kusema zimeisha. Lakini Mama Shamsa alinyoosha kidole kwenye karatasi iliyobaki, nami kwa mazoea ya kazi nikaisoma.

"Chai na maandazi ya karani, mwezi mmoja. Elfu hamsini na tano."

Nikasikia mtu anauliza kwa sauti ya chini, umeme ulikuwa shilingi ngapi. Mwingine akamjibu, elfu arobaini.

"Anakula kuliko spika," akasema Sichone.

Kicheko kilichotoka hapo kilivuka mpaka bila kugonga muhuri. Mama wa Nakonde alishika ukuta. Mwenye duka la jirani alifuta machozi kwa kile kiganja chake, bei zetu zikamhamia usoni. Hata Mama Shamsa alijifunika mtandio, mabega yanapanda na kushuka. Mimi nilisimama. Nikakunja ile karatasi ya maandazi mpaka ikawa ndogo kama punje.

Aliyekuwa hacheki ni Mama Nzowa peke yake. Alinitazama kuanzia viatu. Alipofika kwenye kola ya shati alisimama kidogo, akatikisa kichwa. Kisha akamgeukia Mama Shamsa.

"Mimi nikikubana mpaka thelathini na tisa," akasema, "utakata wapi? Pango huwezi kukata. Lori huwezi kukata."

Mama Shamsa akageuka. Alinitazama tu mimi. Jamani, alinitazama kama mtu anavyomtazama jogoo wageni wakipiga hodi.

"Ndiyo hivyo," akasema Mama Nzowa. "Utamkata huyu. Na ana maandazi ya kulisha." Akafungua mkoba. "Chukua elfu sitini kwa seti. Blanketi elfu arobaini na mbili kila moja. Mimi ni mtu wa kanisa, sitaki nirudi Igamba nimemnyang'anya baba wa watu chakula mdomoni."

Kwa hiyo nataka mnielewe. Mzigo mkubwa kuliko yote wa mwaka umeuzwa leo, na kilichouuza si ubora wa sufuria. Ni mimi. Nimehurumiwa kwa jumla na rejareja. Wengine nao wakanunua, wakipita mbele yangu mmoja mmoja kama watu wanaotoa mkono wa pole. Mmoja alinipa ndizi. Mbaya zaidi, niliila.

Mama Nzowa alipokuwa anapakia mzigo kwenye gari aliniita pembeni. "Mwanangu, una mke?"

"Bado, Mama. Nimetembea sana."

"Nilidhani hivyo," akasema, akapanda.

Mnadhani yaliishia hapo. Na mimi nilidhani.

Alasiri Bwana Kibona mhasibu akaja na miwani yake na mkoba wake. Mtu asiyecheka kabisa, hata akikuta mahesabu yamelingana. Akaketi, akafungua kompyuta, akaanza kushuka na kazi yangu. Nikawa na matumaini. Angalau kazi imekamilika, nikasema. Aibu inapita, ritani inabaki.

Akasimama mahali.

"Kayuni," akasema. "Hii bidhaa inayoitwa 'muongo huyu mama', mmeinunua wapi?"

Sikuelewa. Nikainama kutazama. Halafu nikaelewa, na nikatamani nisingeelewa. Ile programu ilikuwa bado inasikiliza. Muda wote. Niliposema nimekizima kipaza sauti, kumbe kile kitufe cha kisanduku kilizima spika tu, nami nilisimama nacho kikiwa hai katikati ya mtaa mzima wenye hasira na njaa ya habari. Ilikuwa imeandika kila mtu, ikampa kila mtu chumba chake.

Bwana Kibona akaendelea kusoma, sauti moja tu, kama anasoma orodha ya mitungi. "'Undugu wetu ni wa elfu ishirini na saba.' Hii umeweka kwenye mauzo. 'Nikamwombea mpaka usiku.' Hii ni huduma au bidhaa?"

"Haipo, Bwana Kibona."

"'Kumbe mimi nakuzidi.' Hii imeingia kama mapato."

"Naomba uifute."

"'Anakula kuliko spika.'" Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nadhani pale alikuwa karibu kucheka, lakini akajizuia kwa sababu ya taaluma. "Futa kwa mkono. Mstari mmoja mmoja. Mimi nawahi duka lingine, nikirudi nakuta ni safi."

Nikafuta. Kwa vidole hivi hivi. Kuondoa maneno ya watu wa Tunduma kwenye mahesabu kulinichukua muda mrefu kuliko kuingiza mahesabu yenyewe tangu mwanzo. Kila nikifikiri nimemaliza naibua mtu mwingine. Nilimkuta yule mama wa Nakonde amejificha kwenye ushuru wa halmashauri. Nilijikuta mimi mwenyewe, mkubwa yuko kazini, kwenye safu ya mali za kudumu.

Bwana Kibona aliporudi jua lilikuwa limeegemea upande wa Zambia. Akapitia, akabonyeza alichobonyeza, akasema imekwenda. Faini hakuna. Akaaga bila kunipa mkono, nadhani aliogopa kicheko kingemponyoka.

Tukabaki mimi na Mama Shamsa na duka lililopungua nusu. Nikasimama mbele yake, nikasubiri neno langu.

Akahesabu funguo kwa muda. "Kayuni mdogo wangu," akasema, "nilikuwa nimekuwekea nauli kwenye bahasha tangu asubuhi."

"Najua, Mama."

"Nimeitumia kuwanunulia makuli soda, mzigo ulikuwa mwingi. Kwa hiyo huna nauli. Kesho uje mapema." Akafunga droo. "Na mshahara tutauongeza kidogo. Si kwa sababu unastahili. Akina mama wa Igamba wamesema mwezi ujao watapita kukagua."

Akaniacha nifunge duka. Hapo ndipo nilipo. Nje Sichone bado anasimulia kwa kila abiria, namsikia, na kila akisimulia maandazi yanaongezeka.

Ninachowaomba ni kimoja. Asicheke mtu. Na kama kicheko kinakubana sana, njoo dukani ucheke ukiwa unanunua kitu. Bei mnazijua.